Namna wachimbaji wanavyoitambua keekee butu iliyo kilomita mbili ardhini

SEREMALA anayetoboa ubao hahitaji kuambiwa kwamba keekee yake imekuwa butu. Ataisikia ikilia, ataona moshi ukifuka kwenye tundu na mkono wake utalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Akiwa na shaka, huichomoa, akaitazama na kuinoa.

Mchimbaji wa kisima cha mvuke huko Olkaria, karibu na Naivasha, hana wepesi huo. Keekee yake iko kilomita mbili au tatu chini ya miguu yake, katika giza na joto kali, ikiwa imeshikiliwa na mabomba ya chuma yaliyounganishwa moja baada ya jingine. Kila bomba lina urefu wa takriban mita tisa. Kisima kikiwa na kina cha mita 2,700, mabomba hayo ni kama 300, na hakuna njia ya kuiona keekee ila kuyatoa yote.

Kazi ya kuyavuta, kubadilisha keekee na kuyarudisha humeza saa nyingi ambazo mtambo unalipiwa ilhali shimo haliongezeki hata sentimita moja. Akiivuta keekee ambayo bado ni kali, mchimbaji ametupa pesa. Akiichelewesha iliyokwisha, huenda vipande vyake vikabaki kisimani na kukiharibu kabisa.

Kwa sababu hiyo, wahandisi wamejitahidi kwa miongo mingi kuisoma hali ya keekee kutoka juu ya ardhi, kwa kutumia vifaa vinavyopima nguvu, kasi, shinikizo na mitetemo. Vifaa hivyo huitwa vihisio.

Kwa nini jambo hili ni muhimu nchini

Kenya ndiyo nchi inayoongoza barani Afrika kwa kuzalisha umeme kutokana na mvuke wa ardhini. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, wenye uwezo wa megawati 15, ulianza kazi mwaka wa 1981. Tangu hapo nishati hiyo imekua hadi kutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini. Huko Menengai, katika Kaunti ya Nakuru, uchimbaji ulianza mwaka wa 2011.

Kila megawati ya umeme huo hutokana na kisima, na gharama ya kisima kimoja huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi. Aidha, si kila kisima hutoa mvuke wa kutosha. Hivyo basi, kila siku inayopotea mtamboni huongeza mzigo ambao hatimaye hulipwa na mtu fulani, awe mlipa ushuru au mteja wa umeme.

Isitoshe, ujuzi huu sasa unavuka mipaka. Tangu mwaka wa 2019 kampuni ya KenGen imepata kandarasi za kuchimba visima vya mvuke nchini Ethiopia, na baadaye nchini Djibouti. Mwanakandarasi anayechimba katika nchi ya wenyewe hupimwa kwa idadi ya siku alizotumia na hali ya kisima anachokabidhi.

Keekee huisha vipi?

Keekee inayotumiwa zaidi katika miamba migumu ya volkeno ina magurudumu matatu yenye umbo la pia, yaliyopachikwa meno. Mabomba yanapozunguka, magurudumu hayo hubingirika juu ya mwamba na meno yake huuponda. Mmarekani Howard Hughes, baba wa tajiri wa ndege na sinema mwenye jina hilohilo, alipata hataza ya keekee ya magurudumu mawili mwaka wa 1909. Ile ya magurudumu matatu ilifuata katika miaka ya 1930.

Aina ya pili haina gurudumu wala kiungo kinachocheza. Ni kichwa kizima kilichopangwa visahani vidogo vya almasi ya kutengenezwa viwandani, ambavyo huukwangua mwamba kama randa inavyokwangua ubao. Aina hii ilianza kutumika katika miaka ya 1970 na leo ndiyo inayotawala katika uchimbaji wa mafuta.

Keekee ya magurudumu hufa kwa njia tatu. Kwanza, meno hulika au kuvunjika. Pili, beringi zinazoyawezesha magurudumu kuzunguka huchakaa, hasa mpira unaozuia uchafu ukiharibiwa na joto. Tatu, ubavu wa nje wa keekee hulika, ikawa nyembamba na kuchimba shimo jembamba kuliko lililokusudiwa. Keekee mpya inayoteremshwa baadaye hukwama katika shimo hilo.

Kifo cha beringi ndicho kinachotisha zaidi. Gurudumu lililokosa beringi hulegea, na likichelewa kutolewa hung'oka na kubaki chini ya kisima. Hapo uchimbaji husimama na kazi nyingine huanza, ambayo wachimbaji huiita uvuvi. Sumaku kubwa au kikapu cha chuma huteremshwa ili kuliopoa gurudumu hilo. Uvuvi huo unaweza kuchukua siku kadhaa, na wakati mwingine hushindikana, ikabidi shimo lipindishwe na kuchimbwa upya kando ya kizuizi.

Vipimo vinavyochukuliwa juu ya ardhi

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya mchimbaji huonekana kwanza kwenye mtambo wenyewe. Vihisio vya kawaida hupima mambo matano.

La kwanza ni uzito. Kihisio kilichofungwa kwenye kamba ya chuma inayoyabeba mabomba huonyesha uzito unaoning'inia. Mchimbaji akiyalegeza mabomba kidogo, sehemu ya uzito huo hukaa juu ya keekee. Tofauti ya vipimo viwili humwambia keekee imekandamizwa na tani ngapi.

La pili ni nguvu inayohitajika kuyazungusha mabomba, ambayo wahandisi huiita toki. Katika mitambo inayoendeshwa kwa umeme, nguvu hiyo hukadiriwa kutokana na mkondo wa umeme unaotumiwa na mota. La tatu ni idadi ya mizunguko kwa dakika. La nne ni kasi ya kupenya, yaani mita ambazo keekee imechimba kwa saa moja. La tano ni shinikizo la pampu zinazosukuma tope au maji kupitia ndani ya mabomba ili kuipoza keekee na kuondoa vipande vya mwamba.

Kila kipimo kina lugha yake. Toki ikianza kupanda na kushuka kwa ghafla bila mwamba kubadilika, huenda gurudumu moja limekwama. Shinikizo likishuka polepole huku pampu zikifanya kazi kwa kasi ileile, huenda bomba moja limepata ufa na maji yanavuja kabla ya kufika chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mchimbaji anayelipuuza onyo hilo huweza kuvuta nusu ya mabomba yake na kuiacha nusu nyingine kisimani. Shinikizo likianguka kwa ghafla, huenda keekee imepoteza mojawapo ya tundu zake za kurushia maji. Likipanda ghafla, huenda tundu limeziba.

Hesabu ya nishati

Kipimo kimoja pekee kinaweza kudanganya. Kasi ya kupenya ikishuka, je, keekee imechakaa au imekutana na mwamba mgumu zaidi? Mwaka wa 1965 mtafiti R. Teale alitoa njia ya kuviunganisha vipimo hivyo kuwa kimoja. Alipendekeza kuhesabu nishati inayotumika kuondoa kiasi fulani cha mwamba, na akaiita nishati mahususi.

Chukua mfano wa shimo lenye upana wa inchi 8.5, ambao ni wa kawaida katika sehemu ya chini ya visima vya mvuke. Tuseme mabomba yanazunguka mara 60 kwa dakika, toki ni newtoni-mita 5,000 na keekee inapenya mita 10 kwa saa. Kazi hiyo hutumia takriban uniti 31 za umeme kwa saa na huondoa takriban mita 0.37 za ujazo wa mwamba. Kwa hivyo kila mita moja ya ujazo imegharimu uniti 86 hivi.

Kasi ikishuka hadi mita tano kwa saa bila mambo mengine kubadilika, kila mita ya ujazo sasa itagharimu uniti 172. Nishati maradufu inaingia shimoni, lakini haiuvunji mwamba zaidi. Inaishia katika msuguano, mitetemo na joto, mambo ambayo huzidi kuila keekee.

Teale aligundua kwamba keekee ikifanya kazi kwa ufanisi wake wote, nishati mahususi hukaribia nguvu ya mwamba wenyewe ya kustahimili mkandamizo. Basi ikiwa vipande vinavyoletwa juu na maji vinaonyesha kuwa mwamba ni uleule, ilhali nishati hiyo inapanda saa baada ya saa, lawama huelekezwa kwa keekee.

Mwaka wa 1985 Burgess na Lesso walionyesha kwamba kuchakaa kwa keekee yenye meno ya chuma kunaweza kukadiriwa kwa kulinganisha toki na uzito uliopimwa karibu na keekee yenyewe. Jino kali huzama ndani ya mwamba, kwa hivyo linahitaji nguvu kubwa kulizungusha. Jino butu huteleza juu, na toki hupungua ingawa uzito ni uleule. Kwa hiyo toki inayoshuka si lazima iwe habari njema.

Kwa keekee za almasi, Detournay na Defourny walichapisha mwaka wa 1992 maelezo yanayoitenga kazi ya keekee katika sehemu mbili, yaani kukata na kusuguana. Kisahani kipya hukata zaidi kuliko kinavyosuguana. Kikishalika, hupata uso bapa unaokalia mwamba, na sehemu ya uzito wa mabomba hubebwa na uso huo bila kukata chochote. Kadiri sehemu hiyo inavyokua ndivyo keekee inavyozeeka.

Vihisio vinavyoshuka kisimani

Vipimo vya juu vina upungufu mmoja mkubwa. Mabomba yenye urefu wa kilomita mbili hujipinda kama kamba na kusugua kuta za shimo. Mtikiso unaotokea chini hufika juu ukiwa umefifia, na toki inayosomwa mtamboni huwa imechanganyika na msuguano wa njia nzima.

Suluhisho ni kuviteremsha vihisio vyenyewe hadi karibu na keekee. Vifaa vinavyopima wakati uchimbaji ukiendelea vilianza kuuzwa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1970, kwanza kwa ajili ya kujua shimo linaelekea upande gani. Baadaye viliongezewa uwezo wa kupima uzito, toki, joto, shinikizo na mitetemo ya pande zote.

Mitetemo hiyo ni ya aina tatu. Ya kwanza ni ya kudundadunda, ambapo keekee hurukaruka juu ya mwamba. Keekee ya magurudumu matatu huelekea kudunda mara tatu katika kila mzunguko, kwa hivyo ikizunguka mara 60 kwa dakika, kihisio kitaonyesha mitetemo mitatu kwa sekunde. Ya pili ni ya kuyumba, ambapo keekee huiacha njia ya katikati na kugonga kuta. Ya tatu ni ya kukwama na kufyatuka. Keekee husimama kabisa kwa muda, mabomba yakaendelea kujisokota juu yake, kisha ikafyatuka na kuzunguka kwa kasi inayoweza kuzidi maradufu ile inayoonekana juu.

Mchimbaji aliye mtamboni huona mzunguko laini, kumbe huko chini visahani vya almasi vinapasuka. Onyo likifika mapema, anaweza kupunguza uzito au kuongeza mizunguko na kuiokoa keekee kabla haijaharibika. Hapo kihisio huwa kimeukinga uchakavu, si kuutambua tu.

Habari husafirishwa vipi hadi juu? Njia iliyozoeleka ni ya mapigo ya shinikizo. Vali ndogo iliyo chini hufunguka na kufunga, ikileta mapigo katika tope linaloshuka ndani ya mabomba. Kihisio kilicho juu huyasoma kama mtu anayesikiliza ngoma ya mbali. Njia hii ni ya polepole mno, kwani kwa kawaida hupitisha biti chache tu kwa sekunde. Ndiyo sababu chombo hutuma muhtasari na kuhifadhi maelezo kamili katika kumbukumbu yake, yasomwe kitakapotolewa. Tangu miaka ya 2000 yamekuwepo pia mabomba yenye waya ndani yake, ambayo hupitisha habari kwa kasi kubwa zaidi, ingawa bei yake ni ghali.

Ugumu wa visima vya mvuke

Mengi ya maarifa haya yalizaliwa katika visima vya mafuta. Kuyahamishia katika Bonde la Ufa si kazi rahisi.

Kikwazo cha kwanza ni joto. Vifaa vingi vya kielektroniki vya kisimani hutengenezwa kustahimili nyuzi 150 za selisiasi, na vingine 175. Miamba ya Olkaria katika kina hicho huweza kupita nyuzi 300. Vihisio huendelea kuishi kwa sababu ya maji baridi yanayopita. Pampu zikisimama, joto la mwamba huanza kuvirudia, na chombo cha thamani kubwa huweza kuungua.

Kikwazo cha pili ni nyufa. Mvuke hupatikana mahali penye miamba iliyopasuka, na nyufa hizohizo huyameza maji ya kuchimbia. Maji yasiporudi juu, vipande vya mwamba navyo havirudi. Mchimbaji hupoteza shahidi wake mkuu, kwani hawezi tena kujua kama nishati imepanda kwa sababu ya mwamba mpya au kwa sababu ya keekee kuukuu.

Ili kupunguza hasara hiyo, wachimbaji huchanganya maji na hewa au povu. Lakini hapo kikwazo cha tatu huzuka. Hewa hubonyea, nayo hudhoofisha mapigo ya shinikizo yanayobeba habari, hadi kihisio cha juu kisisikie kitu. Kwa sababu hiyo vipimo vya juu ya ardhi, pamoja na uzoefu wa wafanyakazi, bado vina nafasi kubwa katika visima vya mvuke.

Lini keekee itolewe?

Swali hili hujibiwa kwa hesabu ya gharama ya kila mita. Gharama ya keekee hujumlishwa na gharama ya mtambo kwa muda wote wa kuchimba na wa kuvuta mabomba, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa mita zilizochimbwa.

Kwa mfano wa hesabu tu, chukulia kwamba keekee inagharimu Sh1.5 milioni, mtambo Sh200,000 kwa saa, na kubadilisha keekee huchukua saa 12. Keekee ikichimba mita 200 kwa saa 40, gharama itakuwa Sh59,500 kwa mita. Ikianza kupoteza makali na kuongeza mita 20 tu katika saa 10 zinazofuata, wastani utapanda hadi zaidi ya Sh63,000. Mita hizo 20 za mwisho zimegharimu Sh100,000 kila moja.

Mwanzoni gharama ya kila mita hushuka, kwa kuwa bei ya keekee inagawanywa kwa mita nyingi zaidi. Ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, wakati wa kuitoa umewadia. Hata hivyo, hesabu hiyo haijui hatari ya gurudumu kung'oka. Dalili za beringi kuharibika zikijitokeza, mchimbaji mwangalifu hasubiri hesabu.

Hukumu hutolewa juu

Keekee ikishatolewa, huoshwa na kukaguliwa. Chama cha kimataifa cha wanakandarasi wa uchimbaji, IADC, kina mfumo wa alama unaotumiwa duniani kote. Meno hupewa alama kuanzia 0, yaani hayakulika, hadi 8, yaani yamekwisha kabisa. Hali ya beringi, upana wa keekee, aina ya uharibifu na sababu ya kuitoa pia huandikwa.

Rekodi hiyo ndiyo inayoyapa maana vipimo vyote. Bila kujua keekee ilitoka na alama gani, mistari ya toki na nishati iliyochorwa na tarakilishi hubaki kuwa dhana tupu. Siku hizi zipo programu zinazojifunza kutokana na rekodi za visima vingi, zikilinganisha mwenendo wa vihisio na alama zilizotolewa baadaye, ili kukadiria uchakavu wa keekee ambayo ingali chini. Lakini programu iliyofunzwa kwa miamba laini ya mafuta huweza kukosea vibaya katika miamba ya volkeno, na keekee iliyopewa alama kwa haraka na mfanyakazi aliyechoka hufunza makosa yaleyale.

Kwa hivyo nchi inayotaka kunufaika na vihisio haina budi kuanza na daftari. Visima vilivyokwisha kuchimbwa Olkaria na Menengai ni hazina ya mafunzo, mradi tu kila keekee iliyotoka humo ilikaguliwa kwa uaminifu na matokeo yake kuhifadhiwa pamoja na vipimo vya saa zake zote za kazi. Kihisio husema jinsi chuma kinavyotetemeka. Maana ya mtetemo huo katika mwamba wa Bonde la Ufa itatokana na rekodi zinazoandikwa na wachimbaji wa hapa wenyewe.